Kapu la Macho na Kapu la Usingizi

Ninyi walimu vijana mnaopangiwa darasa la kwanza mkanuna, njooni niwaambie. Mimi nimefundisha darasa la kwanza miaka yangu yote isipokuwa miwili. Hiyo miwili nilipewa darasa la sita, na niliomba mwenyewe nirudishwe chini. Wa darasa la sita wanakujibu wanachodhani unataka kusikia. Wa darasa la kwanza wanakuambia kwamba nguo yako imechanika nyuma, tena mbele ya mkaguzi.

Sasa nimestaafu, nakaa hapa Somanda, bodaboda zinapita mlangoni tangu alfajiri. Hazipiti wiki mbili kabla mwalimu kijana hajaja kuniuliza, “Mwalimu Tabitha, nina mtoto darasani simwelewi hata kidogo, nifanyeje?” Namkaribisha, nampa chai na michembe ya viazi vikavu, na kabla hajamaliza kikombe nimeshaanza kumsimulia habari za Minza. Wengine wameisikia mara tatu, na adabu imewazuia kuniambia. Leo naiandika ili nipumzike na nyinyi mpumzike.

Lakini kwanza niungame. Nilipoanza kazi nilikuwa na sauti ya mchunga ng'ombe na kiboko cha mkwaju. Mwalimu Agnes, mama mnene mwenye sauti ndogo aliyenitangulia kazini, alinitazama siku nne bila kusema neno. Siku ya tano alikichukua kile kiboko akaenda kukorogea uji wa watoto. “Sasa kinafanya kazi,” akasema. Kisha akanipa masharti matatu: ukitaka kuzungumza na mtoto mdogo, keti kwanza; muulize jambo moja, si mawili; ukishauliza, nyamaza na uhesabu mpaka ishirini moyoni. Mimi, kunyamaza mpaka ishirini! Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikibishana na mkunga. Ilinichukua miaka kujifunza lile sharti la tatu, na chaki ngapi nilizivunja mkononi nikisubiri, sijui.

Minza nilimpata nikiwa Nkoma, tukiwa bado Mkoa wa Shinyanga, miaka ile soko huria lilipoanza kutufikia vijijini. Nyinyi mliozaliwa baadaye mmekuta kila kitu kipo dukani. Sisi tuliona sabuni za kunukia zikirudi taratibu, mitumba ikimwagwa chini gulioni, na mfanyabiashara mmoja akaja na jenereta na televisheni, akafungua kibanda cha video cha maturubai. Kwenye pamba nako walianza kuja wanunuzi binafsi na malori yao, pale ambapo zamani alikuwepo karani wa chama cha ushirika peke yake.

Minza alikuwa na miaka saba. Aliingia darasani akiwa ameziba masikio kwa viganja, akaenda moja kwa moja kwenye kona, akapanga vizibo vya soda kwa rangi. Hakunitazama usoni mwaka mzima, lakini kiatu changu kilipobadilishwa kamba alikuwa wa kwanza kuniambia. Kiswahili chake alikitoa redioni, kwa hiyo kilikuwa kimenyooka kuliko changu mimi Msukuma wa Nkoma. Ukimsalimu kwa Kisukuma “Mwangaluka,” anaitikia “Mhola,” halafu anakusomea habari za saa mbili asubuhi, pamoja na hali ya hewa ya Pemba. Siku hizi kuna neno, mnaliita usonji, na mnapewa semina. Sisi hatukuwa na neno. Wengine walisema ni mkaidi, wengine walisema mengine ambayo sitayaandika. Mimi nilisema ni mtoto wa darasa la kwanza, na nadhani hapo sikukosea.

Nilikokosea ni kwenye ndoto.

Minza hakujua kwamba kuna ndoto. Alichokiona akiwa amelala na alichokiona akiwa macho vyote kwake vilikuwa jana. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikashika ukuta. Alisimama mbele ya darasa na kutangaza, kwa sauti ile ya redio, kwamba Mwalimu Mkuu amepanda juu ya bati la godauni la pamba akiwa na chupi tu, na anaita kuku. Watoto walitoka nje wote kwenda kumwangalia. Mwalimu Mkuu, mtu wa suti na kalamu tatu mfukoni, akatoka ofisini akakuta darasa zima limekodolea macho paa la godauni. Sikumweleza. Mpaka anahama hakujua, na kama anasoma hapa leo, Mwalimu, nisamehe.

Basi nikaichukulia ni kichekesho, mpaka siku Minza aliposema, “Bibi alinitupa lamboni.”

Alisema nyumbani, akasema shuleni, akasema mbele ya watu kwenye foleni ya kupima pamba. Lambo ni lile bwawa la kunyweshea ng'ombe, na watoto wawili watatu walishawahi kufia mle kabla. Watu wakageuka. Bibi yake, Bibi Holo, mama wa baba yake, ndiye aliyekuwa akimwogesha, akimnyoa, akimlisha. Hakuna mwingine aliyeweza kumgusa kichwa yule mtoto. Sasa Bibi Holo akikaribia, Minza anapiga ukelele na kukimbilia nyuma ya kihenge cha nafaka. Hali chakula alichopika. Majirani wakaanza kuuliza kwa kunong'ona, ni bibi wa namna gani huyo. Na mnajua kwetu minong'ono juu ya bibi kizee inaweza kufika wapi, mpaka kwenye neno mchawi. Baada ya wiki mbili Bibi Holo alifunga mzigo wake. Alisema atakwenda Mkula kwa mwanawe mdogo, lori la mnunuzi litakapokuja kuchukua pamba. “Sitakaa mahali ambapo mtoto analia akiniona,” aliniambia. Aliyasema hayo akitwanga, na hakuacha kutwanga.

Nilimpenda yule bibi. Na nilimwogopea Minza zaidi, kwa sababu nilijua bibi akiondoka, mtoto atakaa na nywele zilizofungamana na tumbo lisilo na kitu, na hatajua kwa nini. Nikaapa nitamweleza ndoto ni nini kabla lori halijafika.

Sikilizeni nilivyovurunda. Kwanza nilimwambia, “Ndoto ni picha zilizoko kichwani.” Kesho yake akaja na tochi ya baba yake, akanishika sikio, akamulika ndani muda mrefu sana. “Hakuna picha,” akasema. “Kuna nta.” Nikaona nimpeleke kwenye kibanda cha video, aone watu wanaoonekana na hawapo. Jenereta ikamtesa masikio, hata hivyo alizunguka nyuma ya televisheni akaangalia, akamuuliza mwenye kibanda kwa heshima zote kama anayo ile ya lambo. Yule kijana akasema ataiagiza Mwanza.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Nilikuwa nimechoka, jua kali, darasa limejaa, naye akarudia habari ya lambo mara ya tano. Nikamwambia, “Minza, huo ni uongo.” Akasema, “Mimi niliona.” Akahamisha vizibo vyake mpaka kona ya mbali, na hakuniongelesha siku sita. Alikuwa na haki. Aliona kweli, na mimi mwalimu wake nilimwita mwongo kwa kitu alichokiona. Nyinyi msithubutu kufanya hivyo. Mtoto akikuambia ameona jambo lisilowezekana, muulize alikuwa wapi alipoliona. Hiyo inatosha kuanzia.

Jumamosi moja nikaenda kwao kuomba radhi. Nikawakuta uani na pamba. Hapa lazima niwaeleze kitu, maana wengi wenu mmekuta kimeshapotea. Zamani mkulima hakupeleka pamba hivihivi. Familia inakaa chini na kuichagua kwa mkono: safi, ile nyeupe isiyo na dosari, upande huu; fifi, yenye madoa ya mdudu au ya vumbi, upande ule. Karani wa chama akikuta umechanganya anakurudisha nyumbani na gunia lako. Basi Minza alikuwa bingwa wa kuchagua katika kitongoji kizima. Vidole vyake vilikwenda bila yeye kuonekana anatazama. Watu wazima waligombana juu ya donge moja la pamba, safi au fifi, wakampelekea yeye akate shauri.

Siku hiyo baba yake, Masunga, alikuwa amerudi na habari njema kwamba mnunuzi mpya hachagui, anabeba yote kwa pamoja. Kwa furaha yake akazoa chungu mbili akazichanganya. Loo! Minza alijitupa chini. Mama yake akajaribu, baba akajaribu. Bibi Holo akainuka kule aliko, akakumbuka kwamba anakimbiwa, akakaa tena na kujishika mikono yake.

Nami nikakumbuka masharti ya Mwalimu Agnes. Nikaketi mavumbini na gauni langu la Jumamosi, sikusema neno, nikaanza kuchagua. Safi huku, fifi kule. Nilichagua vibaya, na hilo ndilo lililosaidia, maana baada ya muda mkono mdogo ulikuja ukatoa donge langu kwenye safi ukaliweka kwenye fifi. Kilio kikaisha. Tukachagua bega kwa bega karibu saa nzima.

“Minza,” nikasema, “unajuaje kwamba hii ni fifi?”

Nikahesabu. Nilifika kumi na nne.

“Ina alama.”

Hapo ndipo wazo liliponijia, na niliinuka nusura nimwage chungu zote. Nikaomba makapu mawili. Nikamwambia mambo ya jana nayo yanachaguliwa. Kapu hili ni la macho, tutaweka yaliyotokea ukiwa macho. Hili ni la usingizi. Yote ni mambo yako, umeyaona kweli, hakuna la kutupa. Ila tutafute alama. Akachukua donge la pamba. “Jana nilikunywa uji.” Alama? Bakuli chafu lilikuwepo. Kapu la macho. “Jana ndama alipotea.” Baba yake akathibitisha. Macho. “Mwalimu Mkuu alikuwa juu ya bati.” Nikamuuliza kama kuna ngazi pale godauni. Akafikiri, akasema hakuna, na alipotoka ofisini alikuwa na suti yake. Donge likaingia kapu la usingizi, na Masunga akaenda kucheka nyuma ya nyumba.

Kisha akachukua donge jingine, akasema, “Bibi alinitupa lamboni.”

Mimi nilikuwa na swali langu tayari, nimelinoa, na nilishaanza kujisikia mshindi.

“Mtu akitupwa lamboni, akitoka anakuwaje?”

“Analowa.”

“Na asubuhi ile ulipoamka, ulikuwa umelowa?”

“Ndiyo,” akasema Minza. “Nilikuwa nimelowa.”

Nilihesabu mpaka arobaini. Mama Minza alikuwa amesimama mlangoni na ungo, nikaona ameinamisha uso.

“Mwalimu,” akasema polepole, “huyu anakojoa. Ngozi anayolalia nakwenda kuianika nyuma ya nyumba watu hawajaamka. Niliona aibu kwa mama mkwe.”

Bibi Holo akaangua kicheko kule alikoketi. “Gete, kweli! Ndiyo hilo tu, mayu, mama yangu? Baba yake huyo amekojoa mpaka ameanza kuchunga!” Masunga, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kucheka, akageuza akarudi alikotoka. Hata mama mtu alicheka, huku akijifuta macho. Miezi yote hiyo alikuwa amebeba ngozi mbichi alfajiri peke yake, na kumbe mama mkwe alishaianika kama hiyo kabla yake.

Minza hakucheka. Alikuwa kazini. Alikwenda nyuma ya nyumba kwenye ile ngozi, akaipapasa, akainusa. Akaenda kwa ndama aliyetoka kunywa maji, akamtazama miguu. Akarudi.

“Lambo lina tope,” akasema. “Ngozi haina tope. Ngozi ina mkojo.”

Akasimama katikati ya makapu, akaliweka donge kwenye kapu la usingizi.

Nilipiga kigelegele. Nyinyi pia mngepiga. Bibi Holo akainuka, akaja hatua tatu mikono imenyooshwa, na Minza akapiga ukelele uleule akakimbilia nyuma ya kihenge. Kule nyuma akasema, “Ni ya usingizi. Lakini ni bibi alinitupa.”

Nilirudi nyumbani nimenywea. Nilikuwa nimemfundisha kutenga, na bado bibi alikuwa na hatia, usingizini au macho. Wiki nzima iliyofuata tulianza kila asubuhi darasani kwa makapu mawili, na watoto wengine wakataka yao. Niliyoyasikia kwenye makapu ya usingizi ya darasa la kwanza sitawaambia, wazazi wao bado wapo hai. Ilikuwa wiki ya furaha kuliko zote nilizofundisha, na kila nikikumbuka lori, furaha inanikatika.

Lori lilifika Jumamosi, saa nne asubuhi. Wakaanza kupima pamba na kupakia. Mzigo wa Bibi Holo ulikuwa mlangoni umefungwa kwa kanga, na yeye ameketi juu ya kinu, amevaa viatu vya safari. Mimi na Minza tulikuwa chini na makapu yetu, upande wa pili wa uwanja. Bibi na mjukuu walizungumza Kisukuma, mimi naandika kwa Kiswahili.

“Mwalimu,” bibi akaniita kutoka kule, nadhani ili kupitisha muda, “mimi nami leo nimeota. Nimeota niko Mkula na Minza. Tunakula matobolwa, naye ananisomea habari za redio.”

Minza akainua kichwa. Matobolwa anayapenda mno, viazi vile vilivyochemshwa vikaanikwa.

“Mimi sijaenda Mkula,” akasema.

“Kwenye ndoto yangu ulikuwepo, mjukuu wangu. Ulikula vipande saba.”

“Sikula. Sikujua.”

“Utajuaje? Ulikuwa umelala hapa kwenu.”

Akaacha pamba. Nilianza kuhesabu. Nilimwona Masunga anataka kusema kitu, nikamkazia macho akafunga mdomo. Nilifika ishirini, nikaendelea. Wapakiaji walikuwa wanapiga kelele, Minza hakusikia.

“Bibi,” akasema, “wewe ulijua kwamba uko lamboni?”

“Hapana, mama. Nilikuwa nimelala. Nakoroma, muulize mama yako.”

“Anakoroma,” Mama Minza akasema haraka.

“Hukujua,” Minza akasema. “Mimi sikujua Mkula. Wewe hukujua lamboni.” Akalitazama kapu la usingizi. “Hukunitupa.”

“Sikukutupa.”

“Alinitupa bibi wa usingizi. Wewe hukuwepo.”

Walimu wenzangu, nimeona wanafunzi wangu wakiwa madaktari, mmoja ameniletea mkewe kwa gari. Sijapata kuona mtu akielewa jambo kama nilivyoona pale. Alisimama, akavuka uwanja kati ya magunia, akafika kwenye kinu, akashika pindo la kanga ya bibi yake. Hakumtazama usoni, alimshika tu pindo.

Bibi Holo alilia waziwazi. Kisha, kwa wema wake, akachukua donge la pamba lililoanguka pale, akasema, “Basi na hizi siku zote ulizonikimbia, tukaziweke kwenye kapu la usingizi, ziishie humo.” Akavuka uwanja, akalitia mwenyewe kwenye kapu lile.

Minza akaenda, akalitoa. Akalipuliza vumbi.

“Hapana,” akasema. “Hiyo ilitokea. Nilikukimbia kweli.” Akaliweka kwenye kapu la macho, akalikandamiza lisitoke. “Usiende.”

Hakusubiri jibu. Alifungua fundo la mzigo kwa meno, akaanza kurudisha vitu ndani ya nyumba kimoja kimoja, kibuyu mahali pa kibuyu, sufuria mahali pa sufuria. Dereva akapiga honi mara mbili. Honi ndiyo kelele aliyoichukia kuliko zote, lakini safari hii hakuziba masikio, maana mikono yote miwili ilikuwa imebeba blanketi la bibi.